Pakiti ya Mtae na Pakiti ya Soni

Lushoto,
Julai, siku ya ukungu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Nakuamkia kwa heshima zote, ingawa baridi ya huku imenikunja vidole na mwandiko wangu leo ni kama nyayo za kuku. Hamjambo hapo nyumbani? Goti lako limekubali ile dawa ya kuchua, au bado linakusumbua ukipanda mlima kwenda kanisani? Na kahawa mmeanza kuchuma? Mimi, Beata na baba yake tu wazima. Baba Beata bado yuko kwenye shamba la chai, anakuja Jumamosi na kurudi Jumapili jioni. Beata amekuwa mrefu, na sasa anaongea Kishambaa na wenzake mpaka mimi nabaki kumtazama mdomo tu.

Agata mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole. Pale ambapo sieleweki usiruke wala usitengeneze. Msomee hivyo hivyo.

Mama, naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sikio lako. Mara ya mwisho nilikuambia Beata ana mafua, wewe ukasikia amefua, ukampongeza. Ya pili ni kwamba jambo lenyewe limenivuruga kichwa tangu Februari na kwenye simu nisingelimaliza. Nimemweleza baba Beata mara tatu, na kila mara linatoka tofauti. Mara ya tatu akaniuliza, "Sasa mwenye kosa ni nani?" Ndiyo maana nakuletea wewe, uliyenifundisha kuchagua mbegu kabla sijajua kusoma.

Unajua kwamba niliacha kuchuma chai nikapata kazi kwenye ghala la mbegu, hapa njiani kuelekea Magamba. Watu wanaliita benki ya mbegu. Ni mali ya umma. Zamani wataalamu walizunguka vijijini wakiomba kwa wakulima konzi ya hiki na konzi ya kile: maharage, mtama, kunde, mahindi ya zamani. Mbegu zinakaushwa sana, zinafungwa kwenye pakiti zinazong'aa, zinawekwa kwenye majokofu. Kila pakiti ina lebo yenye namba na mahali mbegu ilikotoka. Siku mbegu ikipotea mashambani, kwa ukame au kwa watu kuiacha, inatakiwa itoke humo irudi kwa mkulima. Kazi yangu ni kuzitoa kila baada ya muda, kuotesha chache kwenye karatasi mbichi nione kama bado ziko hai, na kuandika. Mkuu wetu ni Bwana Singano, Mshambaa wa hapa hapa, mtu mpole anayevaa koti lile lile mwaka mzima.

Basi mwezi wa Februari alikuja bibi mmoja kutoka Mtae. Mtae ni mbali, mama. Ni kijiji kilichokaa juu kabisa ya ukingo wa milima, njia ni mawe na makorongo, na basi linatoka huko alfajiri. Aliingia na kitenge cha kanisa na barua ya mtendaji wa kijiji, akakaa kwenye benchi mpaka Bwana Singano alipotoka. Bwana Singano akamwamkia shikamoo, wakaongea kwa Kishambaa muda mrefu. Kisha bibi akanigeukia mimi kwa Kiswahili, akaona sura yangu si ya huku.

"Naitwa Naomi," akasema. "Marehemu mume wangu aliwapa watu wenu maharage. Walikuja na gari, wakaandika jina lake. Sasa mimi nimekuja kuyachukua."

Maharage hayo wao wanayaita kwa Kishambaa jina lenye maana ya shingo ya njiwa. Ni ya kijivu, na ukiyageuza kwenye mwanga yanapiga zambarau. Alisema kwao yalikwisha siku nyingi. Ilikuja mbegu ya dukani inayokomaa haraka, watu wakahamia huko, naye pia akahamia. Mwaka jana mvua zikavurugika, ile ya dukani ikaungua yote. Ndipo akakumbuka kwamba shingo ya njiwa lilikuwa halijali ukame.

Nilifungua rejista, nikaikuta namba. Maharage, Mtae. Nikaenda kwenye jokofu, pakiti ipo. Mama, nilifurahi. Miaka miwili nafanya kazi ile, sikuwahi kuona mwenye mbegu akija kuchukua mbegu yake. Nikaikata mbele yake, nikamimina kwenye sahani.

Yalikuwa ya njano. Madogo, ya njano, kama yale mnayoyapika nyumbani siku ya Pasaka.

Bibi Naomi akaweka miwani. Akayachambua kwa kidole kama anatafuta mawe. "Haya siyo," akasema.

Bwana Singano akamwambia kwa upole kwamba labda amesahau, miaka ni mingi. Bibi akamtazama. "Mwanangu, ningeweza kusahau jina lako. Rangi ya maharage niliyopikia watoto sita siwezi kuisahau."

Akaambiwa arudi baadaye, tutatafuta. Akaondoka, na mimi nikabaki na ile sahani.

Sasa nisikilize hapa, mama, kwa sababu hapa ndipo palipoanza kunichanganya. Mwaka juzi, nikiwa mgeni kazini, umeme ulikatika siku nne na jenereta ikagoma. Pakiti nyingi ziliingia unyevu. Mimi na mwenzangu Halima tulizifungua, tukamwaga mbegu kwenye mabeseni, tukazikausha upya, tukazirudisha kwenye pakiti mpya na kuandika lebo mpya. Mabeseni yalijaa chumba kizima, hata kwenye madirisha. Mara moja, hilo nalikumbuka, upepo ulifungua mlango na vikaratasi vya lebo vikaruka. Tulivikusanya. Tulicheka. Nani alirudisha kipi kwenye beseni lipi, sijui.

Baada ya Bibi Naomi kuondoka nilifungua pakiti moja baada ya nyingine katika rafu ile. Siku ya pili nikayapata. Ya kijivu, yanayopiga zambarau. Lebo ilisema Soni. Soni ni mji wa soko huku chini, kwenye njia ya kwenda Mombo, ambako magari yanapakia kabichi na karoti. Ni mbali sana na Mtae. Yalikuwa themanini na mbili. Niliyahesabu mara nyingi.

Nilimpigia Halima, aliyeolewa Korogwe. Nikamuuliza kama anakumbuka. Akasema, "Skola, wewe ndiye uliyekuwa unaandika lebo. Mimi nilikuwa nakausha." Mama, mimi nakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaandika. Lakini mwandiko uliomo kwenye ile lebo ya Soni, nikiutazama asubuhi ni wangu, nikiutazama mchana si wangu.

Nikaenda kwa Bwana Singano, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Labda mmezibadilisha," akasema. "Labda hamkuzibadilisha. Huenda shingo ya njiwa lililimwa hata Soni. Huenda yule bibi amechanganya. Utajuaje?"

"Sijui, Mzee."

"Basi na mimi sijui."

Akanieleza jambo nisilolijua. Kuna wakubwa wanaotaka ghala letu lifungwe. Wanasema mbegu zote zipelekwe mahali pamoja, huku milimani ni gharama bure. Wengine wanasema mbegu hizi za kienyeji zimepitwa na wakati, hazina kibali, mkulima anunue dukani. Yeye ameandika barua miaka mingi kulitetea. Sasa wageni walikuwa wanakuja, wa serikalini na wa vyama vya kutetea mbegu za wakulima, wengine kutoka nje ya nchi, kuona kama panafaa kuachwa. Alitaka Bibi Naomi awepo, akabidhiwe pakiti yake mbele yao.

"Pakiti ipi?" nikauliza.

"Ile yenye lebo ya Mtae."

"Lakini Mzee, alishasema siyo."

"Skola," akasema, na nikaona macho yake yamechoka, "unataka niwaambie hatujui kilichomo kwenye pakiti zetu? Wakifunga hapa, hata hizo unazozijua zitakufa. Mimi sikuambii useme uongo. Nakuambia unyamaze siku moja. Wageni wakiondoka tutakaa na bibi, tumpe na zile nyingine."

Nilimwahidi nitanyamaza, nikarudi nyumbani nikiwa namwelewa kabisa, na bado sikulipenda. Ungefanya nini, mama? Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya nisingekuandikia kurasa zote hizi.

Siku ikafika, mwishoni mwa Februari ile ile. Waliweka turubai uwanjani, viti vya plastiki, na meza yenye mbegu za kila rangi kwenye vibakuli. Wakulima walikuja wengi, kutoka Magamba, kutoka Soni, na basi zima kutoka Mtae. Kwaya ya Walutheri iliimba. Mgeni mmoja alihutubia kwamba aina za mazao zikipungua, siku ugonjwa mmoja ukiingia unabeba kila kitu, kwa hiyo benki za mbegu za umma ni kinga ya taifa. Alisema vizuri. Nilimwelewa kuliko nilivyowahi kuielewa kazi yangu mwenyewe.

Kisha Bibi Naomi akaitwa. Kwanza wakampa fomu aweke sahihi, ya kukubali kwamba amepokea mbegu. Akaishika mbali na macho. "Niyawekee sahihi maharage ya mume wangu?" akauliza. Watu wakacheka, akaweka sahihi. Bwana Singano akamkabidhi pakiti iliyofungwa utepe. Makofi. Mshereheshaji akampa kipaza sauti aseme neno la shukrani.

Bibi akafungua utepe bila haraka, akachungulia ndani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya vibakuli. Akaniona.

"Nashukuru," akasema. "Ni maharage mazuri. Siyo yangu, lakini ni ya mtu. Na huyo mtu naye anayatafuta."

Wageni wa nje wakamtazama mkalimani wao, naye, sijui kwa haraka au kwa kutosikia, akawaambia bibi anashukuru sana kwa maharage yake. Wakapiga makofi. Wakulima hawakupiga. Watu wa Mtae walianza kunong'ona. Bwana Singano alikuwa akitazama viatu vyake.

Mama, hapo ndipo mdomo uliponiponyoka. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimemwahidi nitanyamaza, na nilitaka kunyamaza, lakini nikasikia sauti ikisema, "Samahani wageni, samahani wazee," nikashtuka kwamba ni yangu. Nikasema kwamba mimi ndiye mtunza mbegu. Kwamba umeme ulikatika, tulifungua pakiti, lebo ziliruka, na kwamba maharage ya bibi huenda ni yale yaliyoandikwa Soni, na huenda siyo. Nilisema "huenda" mara nyingi mpaka mtu mmoja nyuma akacheka.

Mama mmoja kati ya wageni, mtu mzima mwenye nywele za mvi, akauliza taratibu, "Na pakiti nyingine ambazo hamjui ni ngapi?"

Nikamgeukia Bwana Singano. Akasimama, akavua kofia, akasema, "Hatujui." Ni neno moja tu, lakini alilisema kama mtu anayetua mzigo, au kama mtu aliyeanguka nao. Mpaka leo sijajua ni kipi.

Yaliyofuata yalinichanganya zaidi. Nilitegemea kufukuzwa papo hapo. Badala yake yule mama mwenye mvi akasema kwamba majokofu hayakumbuki, wanaokumbuka ni hawa waliokaa kwenye viti. Akapendekeza wazee waitwe kijiji kwa kijiji, watazame kila pakiti ya eneo lao kabla hawajaondoka duniani, na mbegu zipandwe tena mashambani badala ya kulala tu kwenye baridi. Wengine wakakubali. Mwingine, wa serikalini, akafunga daftari lake na kusema haya ndiyo hasa yanayoonyesha kwa nini ghala lifungwe. Wakaondoka wakibishana mpaka kwenye magari.

Toka siku ile, mama, kuna wanaonisalimia mara mbili na kuna wasionisalimia kabisa. Wanawake wa Mtae waliniletea viazi na gunia la kabichi. Mwenzangu mmoja kazini aliniambia, "Umejisafisha wewe, sisi umetuacha na matope." Bwana Singano hakunikaripia hata mara moja. Aliacha tu kuongea nami. Ananipa kazi kwa kuandika kwenye karatasi na kuiweka mezani kwangu. Ningependa angenifokea.

Na yale themanini na mbili? Niliotesha kumi kwenye karatasi, yakaota sita. Kanuni inataka sehemu kubwa ibaki, lakini kwenye moja ya karatasi zake za mezani Bwana Singano aliandika: "Mpe bibi thelathini." Sikuuliza. Niliyafunga, nikampa mtu wa basi la Mtae, na Bibi Naomi akayapanda mvua za masika zilipoanza. Hakuyapanda kwa mbolea ya dukani wala kwa mistari. Aliyachomeka chini ya mahindi, kila moja na hindi lake, ili lipande juu yake. Alituma neno kwamba yameota kumi na tisa.

Juma lililopita aliniita. Yamekomaa, akasema, njoo. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi na Beata, tukafika Mtae tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Shamba lake liko ukingoni kabisa. Ukisimama pale unaona nyika huko chini, kavu na nyekundu, na huku juu umevaa sweta mbili. Alikuwa ameshayapura. Bakuli mbili hivi, ya kijivu, na kwenye jua yanapiga zambarau vizuri kabisa.

"Ni yenyewe?" nikamuuliza.

"Subiri," akasema. "Maharage hayajulikani kwa macho peke yake."

Akachukua konzi mbili akayapika. Jikoni kwake tukakaa watatu, mimi nikimenya ndizi, Beata akichochea kuni, bibi akionja mchuzi kila mara. Nilijiambia, sasa nitajua. Yakiwa yenyewe, basi kweli tulibadilisha lebo na nilisema ukweli mbele za watu. Yasipokuwa yenyewe, basi nilimwaibisha Bwana Singano bure, na huenda nimelizika ghala kwa kosa ambalo halikutokea.

Yalipoiva aliyapakua bila kitunguu, bila chochote, chumvi tu. Akala kijiko kimoja, akafumba macho. Akala cha pili. Akala mpaka sahani ikafika nusu.

"Bibi?" nikasema.

Akafumbua macho, na mama, yalikuwa yamejaa machozi. "Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Yanafanana. Nilidhani nikiyaweka mdomoni nitajua. Mume wangu ndiye aliyekuwa anayajua, alikuwa akiyatafuna hata mabichi. Mimi nilikuwa nayapika na kuwapa watu, naokota yaliyobaki chini ya sufuria." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Siku ile kwenu nilisema siwezi kusahau. Nilikuwa na hasira na yale ya njano."

Beata, ambaye hana adabu ya kunyamaza, akasema, "Lakini ni matamu." Bibi akacheka katikati ya machozi, akamwongezea.

Tulipokuwa tunaondoka, alifunga konzi tatu za yale yaliyobaki kwenye kitambaa, akaniwekea mkononi. "Rudisha benki," akasema. "Nisije nikafa nayo."

"Niandike yametoka wapi, bibi? Mtae au Soni?"

"Wewe andika Naomi."

Jana nikajaza fomu. Jina la mbegu: Naomi. Aliyeitoa: Naomi, wa Mtae. Kisha nikafika penye kisanduku kinachosema asili ya mbegu. Kalamu ikasimama. Nikiandika Mtae, sijui. Nikiandika Soni, sijui. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Bwana Singano akapita nyuma yangu, akasimama. Sikugeuka. Nilisikia pumzi yake tu.

"Iache wazi," akasema. Ni mara yake ya kwanza kusema nami tangu Februari. "Hiyo walau ni kweli."

Akaenda zake. Pakiti nimeiweka kwenye jokofu ikiwa na kisanduku kitupu, na bado sijui kama alinisamehe au alichoka tu.

Kuhusu ghala, hakuna barua iliyokuja, si ya kufunga wala ya kuacha. Wazee wa Soni wataanza kuja wiki ijayo kutazama pakiti zao, na mimi ndiye nitakayewafungulia. Naogopa siku hiyo, na naisubiri. Baba Beata anasema tuondoke, turudi nyumbani Mbinga tuchimbe mashimo yetu ya ngoro mlimani tulime kama watu. Sijamjibu. Nikifikiria kuondoka naona aibu, na nikifikiria kubaki naona aibu nyingine, ya upande wa pili.

Nakuomba kitu kimoja, mama. Siku Agata akiwa na nafasi, mkalishe chini umwonyeshe mbegu zako zote, na umtajie kila jina na mtu aliyekupa. Agata, andika kwa wino, na usiandike chochote ambacho mama hajasema. Akisema sijui, andika sijui.

Nisalimieni kaka mkubwa na mkewe, na mumwambie shemeji nguo za mtoto zitakuja na Sista huyu huyu aliyebeba barua hii. Shikamoo nyingi kwa baba mdogo wa kule kilimani, na kwa mama mkubwa ambaye najua atasema barua ni ndefu. Katekista wetu mpeni pole ya mguu. Mjukuu wako Beata anakuamkia shikamoo, na anauliza kama kwenu kuna baridi, nami nimemwambia ipo ila si ya kukata kama ya huku.

Ukipata la kuniambia, mama, hata likiwa ni kunigombeza, niandikie. Nitakuamini wewe kuliko ninavyojiamini mimi siku hizi.

Ni mimi mwanao wa pili, ninayekukumbuka kila nikishika maharage,

Skolastika